Ni Funza, Mwalimu

Mimi nikisikia harufu ya mafuta ya taa, kitu inaamka kwanza ni kisigino. Watu wa rika yangu wakisikia hiyo harufu wanakumbuka koroboi, wanakumbuka mama akichambua maharagwe jioni, wanaanza kuniambia ati zamani ilikuwa tamu. Tamu ya nani? Mimi inaniwasha kisigino ya kulia, halafu ya kushoto, halafu namuona Tata Wamaitha amechuchumaa mbele yangu na kitambaa yake nyeupe ya kichwa, anapuliza pini kama mtu anapuliza chai moto.

Tata Wamaitha alikuwa dada ya baba yangu. Mama alikufa nikiwa mdogo, hata uso yake sina, na baba alikuwa kibarua kwa shamba ya ngano upande wa Timau, kwa hivyo akaniacha kwa dada yake huku kwetu Mukurweini, mahali kilima ikiisha ingine inaanza. Hiyo ni wakati bendera ya uhuru ilikuwa bado mpya. Watu walikuwa wanaenda kwa chifu kuiangalia tu ikipepea, halafu wanarudi kulima.

Tata alikuwa na sauti mbili. Ya kanisa ilikuwa inatokea kwa pua, polepole, kama uji yenye imetiwa sukari mingi. Ya nyumbani ilikuwa inatokea kwa tumbo. Mimi nilikuwa nimezishika zote mbili. Nikiwa peke yangu shambani nilikuwa nahubiria nduma na ile ya pua, halafu nazigombeza na ile ya tumbo, mpaka mbuzi ya jirani inaacha kula inainua masikio.

Na mimi naitwa Nyaguthii, jina ya nyanya yangu mzaa baba. Kwa Kikuyu ni kama kusema mtu wa kwenda. Hiyo jina Tata aliiona kama kazi nimeandikwa. Maji imeisha, na mto iko chini kabisa kwa bonde? "Nyaguthii, jina yako ni kwenda. Enda." Kuni? Enda. Soko ya Karatina na kiondo ya nduma mgongoni, kamba imenikata paji ya uso? Enda, si ndio uliitwa. Na nilikuwa naenda. Miguu tupu. Hiyo miguu haikuwa na shida na mtu, chini ilikuwa ngumu, ukinikanyagisha mwiba, mwiba ndio inavunjika.

Halafu mzee wa Tata, mwenye alikuwa mpishi huko Nanyuki, akamletea viatu. Ya ngozi, nyeusi, na kifungo ya chuma pembeni. Zilikuwa zinanuka duka. Tata alizivaa akazunguka nyumba akirudi anakunja uso, ngozi ilikuwa ngumu, akazivua akazirudisha kwa karatasi.

Wacha niwaambie vile nilikuwa nafikiria viatu. Nilikuwa naona karani wa chifu akitembea, haangalii chini, hata mawe hajali, nikasema moyoni, kumbe viatu ndio inatembea, huyu amebebwa tu. Kwa hivyo siku ya soko Tata aliponiita na ile sauti ya pua, hiyo yenye alikuwa anawekea Mungu na wageni, mimi sikushuku kitu. "Nyaguthii, mtoto wangu, leo vaa hizi." Akasukuma matambara mbele kwa vidole ndio zinitoshe, akafunga ile chuma. Na baba alikuwa ametuma neno ati huyu mtoto mwaka huu lazima aende shule. Mimi nikajumlisha mwenyewe. Nikajua hizi ni zangu za shule, nimepewa mapema nizoee.

Nilishuka hiyo kilima kama bibi harusi. Kiondo mgongoni, macho kwa viatu. Kilima ya pili nikaanza kusikia moto kwa kisigino. Sikusimama. Nilikuwa nimeona lori za mbao zikipanda, zinanguruma, zinatoa moshi mbele, na dereva anasema gari imepata moto sasa itaenda. Nikafikiri viatu ni hivyo hivyo. Imepata moto, sasa itaanza kunibeba. Nilingojea kubebwa mpaka Karatina. Kurudi nikasikia kitu imejaa maji huko nyuma, inacheza, na kila hatua ni kama mtu ananishika na makaa, na bado sikuvua, maana mtu akipewa viatu za shule halafu azivue njiani, si atanyang'anywa?

Nilifika jioni mapema. Tata alinivua kabla sijaweka kiondo chini. Hakuangalia mguu. Alishika kiatu akaikunja na mikono, akaikunjua, akasema peke yake, "Zimelainika." Akazirudisha kwa karatasi.

Ndio baadaye aliona kisigino zangu. Zilikuwa zimefura, kila moja na kipira ya maji kama jicho ya ng'ombe. Majirani walikuwa wanapita kutoka mtoni, mmoja akasimama akauliza huyu mtoto amefanya nini. Tata hakumeza hata mate. Akasema ni funza. Ati nimekataa kuoga, ati amesema mpaka amechoka, kujeni muone kazi niko nayo na mtoto ya wenyewe. Kwetu, nyinyi mnajua, funza kwa mguu ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Na kila kitu ya mguu ilikuwa funza. Hatukuwa na jina ingine. Akachukua pini kwa pazia, akaipitisha kwa moto, akaipuliza, akanichimba mbele ya wale wamama. Alivua ngozi yote. Alipokosa ile kifuko ya mayai ya funza akachimba tena chini aitafute, mguu ya kulia, mguu ya kushoto, halafu akamwaga mafuta ya taa.

Na unajua mimi nilifanya nini? Niliomba msamaha. Niliamini. Nilifikiri ile maji ni maziwa ya mama funza, na watoto wake wameingia ndani zaidi wamelala, na ni mimi niliwaita kwa uchafu yangu. Kesho yake watoto wa kijiji walikuwa tayari wananiita Mama Funza.

Siku ya kuandikisha shule ilinikuta hivyo, vidonda bado mbichi, nimefungwa na kitambaa ya sufuria. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba, anaongea kama mtu amekaza mshipi mpaka tundu ya mwisho. Akaniambia nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio ya upande ule mwingine. Nilishika. Nilishika mpaka nikaikunja. Akasema vizuri, huyu amefika umri ya shule. Moyo yangu ikaruka. Halafu akaangalia chini.

"Ni nini hii?"

"Ni funza, mwalimu," Tata akajibu na ile sauti ya pua.

Mwalimu akarudi nyuma kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema nipone kwanza nisiambukize wengine, halafu niletwe. Nilipona. Tata akasema darasa imejaa. Mwaka ingine akasema nimekuwa mrefu, nitakaa aje na watoto wa kamasi. Baba alipokuja Krismasi akaambiwa shule ndio ilinikataa, na ubaya ya hiyo uwongo ni kwamba ilikuwa kweli.

Sasa, huko Karatina, karibu na boma ya kuuzia mifugo, kulikuwa na mama wa Kiislamu wa kutoka Nanyuki, Mama Asha. Bwana yake alikuwa ananunua kondoo huko Doldol na kuzileta soko, na yeye alikuwa anachemshia watu chai. Siku za ujana wao walikuwa wanatembea na hizo kondoo kwa miguu, hiyo njia yote. Wakati vidonda vyangu vilikuwa bado vinauma, nilipita hapo na kiondo yangu, akaniita. Sauti yake ilikuwa kavu, kila neno inaanguka peke yake.

"Wewe mtoto, mbona unatembea kwa vidole?"

Nikamwambia ni funza. Akanikalisha kwa gunia, akafungua kitambaa, akaangalia. Halafu akauliza ni funza gani hiyo inaingia kisigino mbili, mahali pamoja, kama imepimwa na fundi. Akauliza kama nimevaa kiatu ya mtu. Nikamwambia zilikuwa zangu, halafu hazikuwa.

"Hii ni lengelenge," akasema. "Kiatu ndio ilikuuma. Na aliyekuvua ngozi ndio alikupa kidonda."

Akaniosha na maji ya chumvi huku akinifundisha, si ati kwa upole, alikuwa ananigombeza kama mimi ndio nilijichimba. Ukisikia moto kwa mguu simama hapo hapo, usingoje kufika. Vua, kausha, paka mafuta ya kondoo kwa kisigino na katikati ya vidole, ndio uende. Ikishajaa maji na lazima utembee, sindano ipite kwa moto, toboa chini pembeni, kamua polepole, lakini ngozi iache ilale pale pale, funga na kitambaa safi. Usichimbe, hakuna mtu huko ndani. Na kiatu ya ngozi ikilowa usiikaushe karibu na moto, maana ikikaushwa na moto inakuwa mti, itakula mguu ya mwenyewe mpaka mfupa. Akanipa mafuta ya kondoo kidogo kwa mkebe.

Nilirudi nyumbani na hiyo neno mdomoni kama peremende. Lengelenge. Nilikuwa naisema kila hatua. Lengelenge, lengelenge. Na mahali fulani kwa kilima ya mwisho ndio nikaona zile mikono za Tata zikikunja kiatu. "Zimelainika." Mtu mwenye amesema hivyo anajua zimelainishwa na nini. Alijua kabla sijafika nyumbani. Alijua akiwa ameshika pini. Alijua mbele ya mwalimu.

Sikulia. Machozi yangu nilikuwa nimeyamaliza kwa funza yenye haikuwa. Nilingoja ameenda shambani, nikatoa ile pini kwa pazia nikaifungia ndani ya pindo ya nguo yangu. Aliitafuta sana. Akalaumu panya.

Halafu nikangoja. Watoto wanajua kungoja, watu wazima ndio wamesahau. Wenzangu walipita na vitabu asubuhi, wakarudi na nyimbo za hesabu, mimi niko na kiondo. Mvua ikaja ikaenda, ikaja tena.

Ndio ikasikika kutakuwa na mkutano mkubwa wa wamama wa kanisa upande wa Karatina, wote wataenda kwa miguu wakiimba, na mwenye atatangulia na bendera ya wamama ni Tata Wamaitha. Wacha nyinyi. Hiyo wiki alikuwa anaongea na pua mpaka kwa kuku. Na siku moja kabla ya safari akaenda maombi na zile viatu, mvua ikamkuta njiani, akarudi zimelowa kama sponji. Akanitupia. "Nyaguthii, osha, kausha, zing'ae. Kesho watu wataniangalia miguu."

Nikasema ndiyo, Tata.

Nilizichambua tope na kijiti, nikaziosha vizuri. Halafu nikazipanga kwa mawe ya jiko, karibu na makaa, nikawa nazigeuza kama mahindi ya kuchoma, upande huu, upande ule. Zilitoa moshi kidogo. Zilipokauka niligonga moja na kidole, ikaita kama mlango. Nikazipaka rangi, nikazisugua mpaka ungechana nywele ukijiona. Asubuhi Tata aliziangalia akanisifu. Kwanza alisema nimeanza kuwa mtu. Akavaa soksi yake ya nailoni, akasukuma mguu ndani, akasema asubuhi baridi inafanya mguu kufura.

Tulitoka wamama wengi, vitambaa nyeupe kichwani, Tata mbele na bendera, mimi nyuma na kiondo ya chakula. Chini ya mihogo kulikuwa na ule mkebe ya mafuta ya kondoo. Nilikuwa nauona kwa akili yangu kila hatua. Haukutoka.

Kilima ya kwanza aliimba vizuri. Kilima ya pili nikasikia kila mahali wimbo inapanda anatia "ai" ndogo yenye haiko kwa wimbo. Nilitabasamu nikiangalia chini. Angesimama hapo, moto ingekuwa bado ni moto tu. Lakini nani atasimama na bendera mkononi na wamama wote nyuma yake? Akaendelea. Bendera ikaanza kuinama. Tulipofika kwa faktori ya kahawa, mahali kuna ukuta ndogo, akaketi bila kuambia mtu.

Mama Mchungaji ndiye alikuwa mkubwa wetu, mama mnene, sauti yake ukiisikia unafikiri kuna mtu anaviringisha pipa. Akasema, "Wamaitha, toa kiatu tuone." Tata akasema ni uchovu tu. Mama Mchungaji hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliinama akafungua ile chuma mwenyewe, akavuta kiatu, akateremsha soksi. Wamama wakakaribia. Kisigino ilikuwa na kipira ya maji kubwa kuliko yangu zote mbili, imevimba, inang'aa kama kiatu yenyewe.

"Ni nini hii?" Mama Mchungaji akauliza.

Maneno yale yale. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Tata kabisa, na nawaambia ukweli, mdomo yangu ilifunguka yenyewe, na sauti yenye ilitoka haikuwa yangu. Ilitokea kwa pua, polepole, na sukari.

"Ni funza, mwalimu."

Wote walimwangalia Tata. Sauti ilikuwa yake, mtu atasema nini? Hata yeye alishika mdomo ajue kama imefunguka. Wale wamama wa mbele wakavuta sketi zao, wakarudi nyuma hatua ndogo, kama vile mwalimu alirudi. Mmoja akanong'ona ati na ni yeye alikuwa anachimba mtoto mbele ya watu. Mama Mchungaji akachukua bendera kutoka kwa mkono yake akampa mama mwingine. Akauliza nani ako na pini.

Nikasema mimi ninayo, Mama, na najua kutoa. Nilitolewa na yeye mwenyewe.

Nikapiga magoti. Nikakunjua pindo. Tata aliiona pini yake, na hapo akaelewa kila kitu, pini, viatu, sauti. Akainama karibu na sikio yangu, na hii mara haikuwa sauti ya pua wala ya tumbo. Ilikuwa ya tatu, sikuwa nimewahi kuisikia.

"Nyaguthii. Unajua hii si funza."

"Najua, Tata," nikamwambia. "Hata wewe ulijua."

Angeweza kusema. Njia ilikuwa wazi. Angeambia wale wamama ni kiatu tu. Lakini wangemuuliza, na ile ya mtoto ilikuwa nini? Nusu yao walikuwa wamesimama pale nikichimbwa. Aliwaangalia, akaniangalia, akaninyoshea mguu.

Nikachimba. Nilivua ngozi yote vile yangu ilivuliwa, nikachimba kutafuta mayai yenye hayako, nikaomba mguu ile ingine. Mlinzi wa faktori akaleta mafuta ya taa kutoka kwa koroboi yake. Wamama wakaanza wimbo ya kumtia nguvu, na kwa sababu walikuwa wanaimba, Tata hakuweza kulia. Akaimba. Nilimwaga mafuta sana.

Huko kwenye mkutano aliingia wa mwisho, miguu tupu kwa changarawe ya murram, viatu zake ziko kwa kiondo yangu. Mimi nilitembea mbele yake na miguu yangu ngumu, naenda, si ndio jina yangu.

Watu wakisikia hii wanataka niseme moyo iliniuma baadaye. Haikuniuma. Wengine wanataka niseme ilipoa. Ilipoa kidogo, kama uji, juu tu. Shule haikurudi. Mpaka leo barua ikija natafutia mtu wa kunisomea, na kila mara mtu akinisomea namuona mwalimu akirudi nyuma. Lakini tangu siku ya faktori Tata hakuniambia tena jina yangu ni kwenda. Akitaka kunituma alikuwa anaangalia kwanza pindo ya nguo yangu.

Alizeeka sana, kuliko watu wote wa rika yake. Mwisho alikuwa amesahau kila mtu, hata watoto wake alikuwa anawaita wageni, anawauliza kama wamepewa chai. Nilienda kumuona. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, jiko ya mafuta ya taa inachemsha maji pembeni, na miguu yake ilikuwa nje ya blanketi, nyembamba, visigino vimeangalia mlango. Akaniuliza mimi ni wa nani. Akaniita jina ya mtu mwingine, akanisalimia na ile sauti ya kanisa.

Niliketi, nikakunjua pindo ya nguo yangu, nikatoa pini. Imekuwa nyeusi sasa. Nikaipuliza, polepole, kama mtu anapuliza chai.

Tata aliiangalia. Akavuta mguu moja akaingiza ndani ya blanketi. Halafu ile ingine.

"Nyaguthii," akasema.

"Ndiyo, Tata," nikamwambia. "Leo nimekuja."